Daftari Moja kwa Ofisi Nyingi

Kwa muda sasa tumekuwa tukisikia lalamiko moja katika ofisi za umma za mwambao huu wa kaskazini, tangu Pangani hadi Horohoro, na ng'ambo ya mkondo wa Pemba hadi Wete na Chake Chake. Lalamiko lenyewe ni kwamba kompyuta za ofisini hazilingani. Moja ilinunuliwa na halmashauri, ya pili ililetwa na mradi wa wafadhili uliokwisha kitambo, na ya tatu ni mali ya mtumishi mwenyewe aliyechoka kungoja. Hii hutumia Windows ya zamani, ile Windows mpya, na chumbani kwa fundi ipo mashine ya Linux ambayo yeye peke yake ndiye anayeielewa. Juu ya hayo vikaja vishikwambi. Kwa sababu hiyo, twaambiwa, ofisi haziwezi kutumia daftari moja, na dawa yake ni kununua mashine mpya za aina moja kwa watu wote.

Sisi hatukubaliani na dawa hiyo. Kuwa maradhi yapo, hilo halina ubishi. Mwananchi aliyelipa ada katika dirisha la kwanza anaambiwa na dirisha la tatu kwamba jina lake halimo. Anarudishwa alikotoka, na nauli ya kurudi kesho anaitoa mfukoni mwake. Lakini tukizibadilisha mashine zote leo, zikawa za kiwanda kimoja na rangi moja, na huku tukaacha utaratibu wa kuweka daftari kama ulivyo sasa, mwananchi yule atarudishwa vile vile, ila safari hii atarudishwa na mashine mpya.

Katika mambo haya nchi yetu si mgeni. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na hesabu za Serikali zikahamishiwa humo kabla ya watu na taratibu kuwa tayari. Matokeo yalikuwa mabaya kiasi kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikaja kulegezwa polepole baadaye. Wako wanaoicheka marufuku ile, wakiiona kuwa ni ushamba wa wakati wake. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na waliotafunwa walikuwa na haki ya kushtuka. Tunachojuta ni kwamba mashine zilikatazwa kwa miaka mingi, na hata hivyo swali la nani alikuwa mtunzaji wa hesabu halikupata kuulizwa kwa sauti ile ile.

Kabla ya kompyuta ofisi zetu zilikuwa na masijala, na mtu aliyewahi kufanya kazi ya masijala hahitaji kufundishwa mengi kuhusu daftari la pamoja. Jalada lilikuwa moja. Likiwa mezani kwa Afisa Ardhi, halikuwa mezani kwa Mhandisi, na kitabu cha mwendo wa majalada kilionyesha siku lilipotoka, lilikwenda kwa nani, na kama limerudi. Kila karatasi iliyoingia ndani ilipewa namba yake kwa kufuatana, hata ikichomolewa ionekane kwamba imechomolewa. Mkubwa hakuingia masijala kujichukulia. Aliomba, na karani akampa. Kulikuwa na masijala ya wazi na masijala ya siri, na si kila aliyekuwa na haki ya kuuliza katika ya kwanza alikuwa na haki hiyo katika ya pili.

Balaa la masijala nalo lilijulikana. Jalada likipotea, au likikawia kwa afisa aliyekwenda likizo, barua mpya huwa zinaendelea kuja. Karani, kwa nia njema kabisa, hufungua jalada la muda. Barua tatu nne huingia humo, na uamuzi mmoja hutolewa juu yake. Kisha jalada la asili huonekana chini ya meza ya mtu. Kanuni ilitaka yaunganishwe siku hiyo hiyo, lakini kazi ni nyingi, na mara kwa mara yaliachwa yote mawili. Uamuzi uliomo katika la kwanza ukawa haujui uamuzi uliomo katika la pili, na kiwanja kimoja kikapata wenyewe wawili, kila mmoja na barua yake iliyopigwa muhuri halali.

Sasa natuangalie yanayotokea ofisini leo. Daftari la leseni limo katika kompyuta ya karani mmoja. Mwenzake analihitaji, kwa hiyo hulinakili katika flashi. Yule wa tatu hutumiwa kwa barua pepe. Ikifika Ijumaa, kuna faili liitwalo LESENI, jingine LESENI MPYA, jingine LESENI MPYA MWISHO, na mtu aliyekata tamaa ameandika LESENI MPYA MWISHO KABISA. Kila moja lina mistari ambayo mengine hayana. Haya yote ni majalada ya muda, nayo hufunguliwa bila kalamu, bila kitabu cha mwendo, na bila karani wa masijala kujua.

Fundi akiitwa, jambo la kwanza analofanya ni kuunganisha mashine kwa kebo na kuweka faili mahali pa pamoja, kila mtu alifungue kutoka mezani kwake. Hiyo ni hatua, nasi hatuidharau. Wala tofauti ya mashine haizuii. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kijana mmoja wa Australia aitwaye Andrew Tridgell alipoandika programu ambayo baadaye ilipewa jina la Samba, mashine za jamii ya Unix, na Linux baada yake, zimekuwa zikifungua makabati yao kwa mashine za Windows, nazo za Windows zikaona kana kwamba zinazungumza na ndugu zao. Programu hiyo haiuzwi, hutolewa bure. Anayesema kwamba aina mbili za kompyuta haziwezi kuonana amechelewa kwa zaidi ya miaka thelathini.

Ila kuonana hakutoshi. Chukulia daftari la ada za vyombo katika bandari ndogo, nalo ni faili moja lililowekwa pahala pa pamoja. Saa nne asubuhi karani wa dirisha la kwanza amelifungua, na linaonyesha kwamba mwenye jahazi fulani anadaiwa shilingi 90,000. Karani wa dirisha la pili naye amelifungua dakika hiyo hiyo, naye anaona 90,000. Mwenye jahazi alipa 40,000 dirisha la kwanza. Karani aandika kwamba limebaki deni la 50,000, na kuhifadhi. Nahodha wake, asiyejua kwamba tajiri amekwisha fika, alipa 30,000 dirisha la pili. Karani huyu, ambaye kioo chake bado kinasema 90,000, aandika 60,000 na kuhifadhi juu ya kazi ya mwenzake. Deni la kweli ni shilingi 20,000. Daftari lasema 60,000. Shilingi 40,000 zimetoweka na hapana mwizi. Stakabadhi iko mkononi mwa mlipaji, na daftari linamkana.

Waliotengeneza programu waliliona jambo hili zamani, wakaweka kufuli: mmoja akiandika, wengine wangoje. Hapo ndipo mchanganyiko wa mashine unapoleta shida ya kweli, na ni haki tuieleze. Kufuli lililowekwa na mashine ya aina moja limewahi mara nyingi kutoonekana na mashine ya aina nyingine, kwa kuwa kila moja ina desturi yake ya kufunga. Linux huhesabu Pangani na PANGANI kuwa majina mawili tofauti. Windows huyaona kuwa jina moja. Na zile programu ndogo za kuweka daftari katika faili moja, kama Access ya Microsoft, huitaka kila kompyuta ya ofisini kuingiza mkono wake ndani ya faili lenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, au kebo ikichomolewa na mfagiaji, mkono hukatikia ndani. Faili zima huharibika, na wote waliokuwa wakiandika humo hupoteza.

Njia iliyo bora inajulikana nayo ina umri. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alitoa makala iliyoeleza jinsi ya kupanga taarifa katika majedwali, ili mtu aulize anachotaka bila kujua taarifa zimelala wapi ndani ya mashine. Kutokana na fikra hiyo zikazaliwa programu ambazo hazimpi mtu faili. Mashine moja huwekwa kuwa mtunzaji, ndiyo iitwayo seva. Daftari hukaa humo peke yake, na hapana mkono mwingine unaoligusa. Kompyuta za madirishani huleta maswali na maagizo tu: niandikie malipo haya, nionyeshe deni la yule. Mtunzaji huyapanga foleni, huyatekeleza moja moja, na lile lililokatika katikati hulifuta lote kana kwamba halikupata kuanza. Agizo la dirisha la pili halitakuwa "andika 60,000". Litakuwa "punguza 30,000", na hesabu itafanywa na aliyeshika daftari la kweli. Anayeuliza akiwa na Windows, Linux au kishikwambi, mtunzaji hajali, mradi anauliza kwa lugha iliyokubaliwa. Zipo programu za namna hii zisizo na ada ya leseni, PostgreSQL ikiwa mojawapo, na kwa ofisi ya wilaya kompyuta moja ya kawaida iliyo nzima yatosha kuiendesha.

Msomaji aliyekulia masijala amekwisha tambua kwamba huyu si mwingine ila karani wake wa zamani. Tulikuwa naye, tukamstaafisha siku kompyuta zilipofika, kisha tukashangaa majalada yanapotea.

Hata hivyo mtunzaji mmoja hawezi kuokoa daftari ambalo waandishi wake hawakukubaliana namna ya kuandika. Hapa tungependa kukawia kidogo, kwa kuwa ndipo penye tabu kubwa, na hapahitaji fedha nyingi.

Kwanza ni majina. Mtu yule yule aitwaye Khamis Unguja na Pemba huandikwa Hamisi akishuka Tanga. Mohammed huwa Mohamedi, Hamad huwa Hamadi, na Khadija huwa Hadija kwa kutegemea masikio ya karani. Karani hajafanya kosa. Ameandika kama alivyosikia na kama alivyofundishwa. Lakini kompyuta haina masikio, na kwake hao ni watu wawili. Isitoshe, kwetu pwani mtu ana jina lake, la baba na la babu, na si jina la ukoo lililoganda. Fomu zilizobuniwa mbali hudai jina la mwisho, naye hutoa la babu leo na la baba kesho. Ndiyo maana daftari haliwezi kumtambua mtu kwa jina. Lazima awe na namba.

Namba nazo zina hila zake. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Programu ya Excel, ambayo imegeuzwa daftari karibu katika kila ofisi, hutunza tarakimu 15 tu za namba. Zinazozidi huzigeuza sifuri bila kumwonya mtu, isipokuwa aliyeandika awe ameiambia kwanza kwamba hayo ni maandishi na wala si hesabu. Wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa eneo moja wanaweza hivyo kugeuka mtu mmoja. Namba ya simu nayo hupoteza sifuri yake ya mwanzo. Tunawaomba maofisa walioandikisha wananchi kwa majedwali hayo wayafungue leo na kuangalia kama namba za vitambulisho hazikuishia na sifuri tano.

Kisha ni mahali. Tanga ni jiji, ni wilaya, na ni mkoa wenye halmashauri 11. Aliyeandika "Tanga" hajasema ni ipi. Kule Pemba, Mkoani ni wilaya na ni bandari, na anayetafuta neno hilo katika taarifa za Bara ataletewa kila kikao kilichowahi kufanyika mkoani. Ng'ambo ya mji wa Zanzibar ina alama ndogo katikati ya jina lake. Alama hiyo hiyo, katika lugha ya kuulizia madaftari, hutumika kuonyesha kwamba maneno yamefika mwisho. Fundi asiyelikumbuka hilo ataona programu yake ikikwama kila anapofika mkazi wa Ng'ambo au mwenye ng'ombe. Hili si jambo la mzaha, kwa kuwa kasoro hiyo hiyo ndiyo mlango ambao watu wabaya huutumia kupenyeza amri zao ndani ya madaftari ya watu. Programu iliyoandikwa vyema huupokea mkato huo bila taabu, na kuujaribu kwa neno "ng'ombe" ni mtihani wa bei nafuu kabla ya kumlipa mjenzi wa mfumo.

Halafu ni tarehe na saa. Mashine iliyotoka dukani ikiwa na desturi za Marekani huanza na mwezi. Sisi huanza na siku. Tarehe 3/4 ni Aprili kwetu na Machi kwake, na zote mbili huingia daftarini bila kelele. Ama saa, sisi watu wa pwani tuna saa zetu. Chombo kinachoondoka saa moja usiku mmoja ataandika 1, mwingine 7, mwingine 19, na wote watatu hawakusema uongo. Iamuliwe mara moja, ibandikwe ukutani: mwaka, mwezi, siku, na saa kwa hesabu ya 24. Mdomoni tubaki na saa yetu.

Iwapo yupo anayeona kwamba haya ni madogo, na aikumbuke Septemba 2011. Usiku wa kuamkia tarehe 10 meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Ilikuwa na idhini ya kuchukua watu wapatao 600. Tume iliyochunguza ajali iliona kwamba waliokuwamo walizidi 2,000. Hatusemi kwamba kompyuta ingeizuia meli ile kuzama. Ilizamishwa na kujazwa kupita kiasi, na waliojaza walikuwa binadamu. Tunasema kwamba siku zile za msiba, hapakuwa na orodha ambayo mtu angeweza kuifungua na kujua nani alipanda. Familia za Pemba zilihesabu watu wao nyumba kwa nyumba. Chombo kinachoanzia Unguja, kikapita Pemba na kuishia Tanga, hukata tiketi katika bandari zaidi ya moja. Iwapo kila bandari ina orodha yake ndani ya kompyuta yake, jumla ya waliomo chomboni haipo mahali popote mpaka mtu akae na kuzijumlisha, na wakati huo nanga imekwisha ng'olewa. Mtunzaji mmoja wa orodha, anayekataa kutoa tiketi ya nafasi isiyokuwapo hata akiombwa na madirisha manne kwa wakati mmoja, ni jambo linalowezekana kwa vifaa tulivyo navyo.

Wavuvi wa dago tunawajua wote. Huja kutoka Pemba na Unguja kwa msimu, wakapiga kambi katika pwani zetu. Chombo kimesajiliwa Visiwani chini ya sheria za Visiwani. Samaki hushushwa Bara na kuandikwa na ofisa wa Bara. Daftari la huku halikijui chombo, na daftari la kule halijui kilichovuliwa. Mvuvi huulizwa karatasi mara mbili, na mtaalamu anayetaka kujua bahari yetu imebakiwa na nini hupewa nusu mbili zisizoshikana. Wafanyabiashara nao walilalamika kwa miaka kwamba shehena iliyokwisha toa ushuru Zanzibar ilikadiriwa upya na kutozwa tofauti ilipofika Bara. Mengi ya yale yaliyoitwa kero za Muungano, ukiyafunua, utakuta chini yake madaftari mawili.

Mkoa wetu una funzo jingine, nalo ni la watoto. Katikati ya miaka ya 2010, Wizara ya Afya pamoja na shirika la PATH ilianzisha daftari la chanjo la kompyuta, likaanzia Arusha kisha likaletwa Tanga na Kilimanjaro. Mhudumu alimwandika mtoto katika kishikwambi, na mtandao usipokuwapo kifaa kiliendelea kupokea, kikapeleka taarifa baadaye. Fikra ilikuwa nzuri sana: mtoto aliyechanjwa kituo kimoja ajulikane katika kituo kingine. Tathmini zilizofuata zilionyesha kwamba wahudumu wengi waliendelea kujaza daftari la karatasi sambamba na lile la kompyuta. Muuguzi mwenye foleni ya akina mama alifanya kazi moja mara mbili, na ubora wa kila daftari ukashuka kwa sababu ya mwenzake. Twawatetea wauguzi hao. Mtu hawezi kuacha daftari la zamani mpaka aliyepo juu yake amwambie kwa maandishi kwamba la zamani limefungwa. Agizo la namna hiyo likikawia, daftari jipya huwa ni mzigo tu uliowekwa juu ya ule wa kwanza.

Basi je, tudai kwamba taarifa zote za Bara na Visiwani ziwekwe katika seva moja? Hapana, na hapa twasema na maofisa wa pande zote mbili. Serikali ni mbili, sheria ni mbili katika mambo mengi, na mkondo wa Pemba upo. Mwezi Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na ofisi nyingi nchini zikakaa zikitazama vioo. Ofisi ya bandari ambayo daftari lake liko mbali haiwezi kungoja waya utengenezwe ndipo ipokee jahazi. Kinachotakiwa ni kila taarifa iwe na nyumba moja. Usajili wa chombo cha Pemba uandikwe Pemba na usahihishwe Pemba peke yake. Kigombe wausome, waulize, wapate jibu, hata waweke kivuli chake kwa siku ambazo mtandao haupo, lakini wasiuandike. Kiasi cha samaki walioshushwa Kigombe kiandikwe Kigombe, na Pemba wakisome. Kila upande ukiwa mwandishi pekee wa kilicho chake, mtandao ukirudi baada ya siku tatu hapatakuwa na ugomvi wa nani yu sahihi.

Njia za kuulizana zipo. Mamlaka ya Serikali Mtandao imekwisha jenga mfumo wa kubadilishana taarifa kati ya taasisi za Serikali, na Zanzibar ina chombo chake cha kazi hiyo. Na kwamba pande mbili zaweza kuandika kwa fomu moja, tumeliona kwa macho. Katika Sensa ya Agosti 2022 karani wa Micheweni na karani wa Mkinga walibeba vishikwambi vyenye maswali yale yale, yaliyopangwa kwa utaratibu ule ule, na hesabu zikatoka pamoja: watu 61,741,120 kwa nchi nzima, na kati yao 1,889,773 ni wa Zanzibar. Hapana aliyesema wakati ule kwamba mkondo ni mpana. Tena umeme wenyewe unaowasha kompyuta za Pemba hutoka Tanga, kwa waya uliolazwa chini ya bahari na kuzinduliwa mwaka 2010 kwa msaada wa Norway. Kabla ya hapo Pemba ilitegemea majenereta yake.

Yako mambo ya ulinzi ambayo hatuwezi kuyapita kimya. Daftari likikusanywa mahali pamoja, mwizi naye ana mahali pamoja pa kwenda, na ofisa mdadisi pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inambana anayetunza taarifa za watu aseme amezikusanya kwa sababu gani na anampa nani. Ile desturi ya ofisi nzima kutumia neno la siri moja, lililoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni mwa kioo, iachwe. Kila karani awe na lake, ili daftari lijue nani aliandika nini na saa ngapi, kama kitabu cha mwendo wa majalada kilivyojua. Na nakala ya akiba itolewe kila siku, ikalale katika jengo jingine. Nakala hii haigombani na yale tuliyosema juu ya majalada ya muda, kwa sababu hapana anayeiandika; imefungwa, ingojee siku ya moto au ya radi. Mara moja kwa robo mwaka ifunguliwe katika mashine nyingine kuona kama inasomeka. Ofisi nyingi huwa hazijui kwamba akiba yao ni tupu mpaka siku ya kuihitaji.

Gharama ya haya yote kwa ofisi ya wilaya ni kompyuta moja nzuri, betri ya kuishikilia umeme unapokatika, swichi na kebo zilizofungwa vizuri mahali ambapo ufagio haufiki, na mtu. Katika orodha hiyo mtu ndiye aghali, naye ndiye anayesahauliwa kila mara. Miradi hununua mashine kwa kuwa mashine hupigwa picha siku ya kukabidhiwa. Mshahara wa mtunza daftari haupigwi picha. Mradi ukifunga virago, fundi huondoka nao, na neno la siri la seva huondoka na fundi. Kwa hiyo nafasi hiyo iwe katika ikama ya halmashauri yenyewe, na mwenye nafasi awe na msaidizi anayejua yote anayoyajua yeye.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na maombi ya vifaa huandikwa miezi mingi kabla. Tunapendekeza kwamba safari hii, kabla Mkurugenzi hajatia saini ombi la kompyuta 20 za aina moja, amtake kila mkuu wa idara aandike katika karatasi moja: idara yake ina madaftari gani, lipi ni la asili, nani peke yake ana ruhusa ya kuliandika, na nani wa idara nyingine, au wa ng'ambo ya mkondo, hulisoma. Idara itakayoshindwa kuijaza karatasi hiyo isinunuliwe hata kebo mpaka imeijaza.